Maji ya Mkwe

28 Mei

Bibi shamba ameagiza kila mwenye mikorosho awe na daftari la kupulizia. Tarehe, dawa, kipimo, basi. Nimenunua daftari, lakini mimi Rahima nikishika kalamu siwezi kuishia kwenye tarehe. Aliyekuwa na ruhusa ya kuniambia nimezidi maneno ni marehemu mume wangu, naye ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo sasa hakuna wa kunikata kauli.

Palizi imeisha leo. Mikorosho ya nyuma ya nyumba, ile niliyoachiwa na mama yangu naye akaachiwa na mama yake, imeanza kuchipua. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni Ruvuma mpaka huoni choo kilipo. Mgongo unaniuma. Ming'oko ya jioni, vile viazi vyetu vya porini, ilikuwa mitamu.

2 Juni

Semina kwenye ghala la chama cha msingi. Huyo bibi shamba mpya anaitwa Theodora, mtu wa Bukoba, msichana wa suruali na buti, anaongea kama anawahi basi. Ametuonyesha glovu, miwani, barakoa na ovaroli. Kisha akaeleza mtu akizidiwa na dawa ya kupulizia afanyweje: mtoeni shambani, mvueni nguo zote, mwogesheni kwa sabuni na maji mengi, msimpe maziwa, mpelekeni hospitali na chupa ya dawa mkononi.

Wanaume wakacheka waliposikia "nguo zote". Nikanyoosha mkono nikauliza: "Na kama aliyepo karibu ni mama mkwe wake?"

Ghala zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema, "Mama, sumu haijui mkwe."

Nimerudi nyumbani nimenuna. Huko kwao labda mambo ndiyo hayo, lakini mtoto mdogo hamjibu mtu mzima hivyo mbele za watu.

3 Juni

Niliuliza vile kwa sababu ninaye mkwe. Mume wa binti yangu Naima, mtu wa Chiwata. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, basi huyu ni mwaka wa tatu yuko hapa. Amejenga nyumba yake upande wa pili wa uwanja, wamepata mtoto, Mudathiri, na mikorosho yangu yote anaihudumia yeye.

Jina lake silitamki, na nimeamua hata humu nisiliandike. Ndiyo heshima yetu. Ananisalimia kwa mbali, amechuchumaa, macho chini: "Shikamoo mama." Naitikia marahaba, imekwisha. Sijawahi kuingia nyumbani mwake tangu aingize kitanda. Sijawahi kumwona kifua wazi, na Mungu anisaidie nisimwone. Nikiwa na neno namtuma Naima. Naima asipokuwepo namwambia kuku, yeye akiwa karibu asikie. "Wewe kuku, upande wa bondeni nyasi zimerudi." Kesho yake nakuta pamepaliliwa. Hatujawahi kugombana.

9 Juni

Tumeanza. Salfa, duru ya kwanza. Alitoka alfajiri umande ukiwa bado majanini na upepo umelala, mashine mgongoni. Saa tatu alirudi wa njano kuanzia nywele mpaka kucha, macho mekundu kama aliyekatakata vitunguu vya harusi. Akajipangusa kwa kitambaa, akanawa vidole kwa maji yasiyojaza kikombe, akala ugali wake na kisamvu. Mtoto akamrukia, naye akawa wa njano.

Wiki iliyopita nilinunua Newala mjini glovu, miwani, barakoa na ovaroli, nikampa Naima ampelekee. Nimemuuliza leo viko wapi.

"Vimetundikwa msumarini, mama. Anasema akivivaa wenzake watamwambia anaogopa salfa."

"Na kuoga?"

"Anajipangusa."

Nikatoka uwanjani nikasema kwa sauti: "Wewe kuku, mtu akitoka kwenye vumbi si aoge!"

Akanijibu mtani wangu Anselmo, aliyekuwa anapita njiani. Huyu ni Mmakua, jirani yetu, mzee wa rika langu asiyejua kupita bila kutia neno. "Mama Naima, kuku ndiyo kwanza anaoga kwa vumbi! Umemchagua mwanafunzi mbovu." Mkwe nilimsikia akicheka nyuma ya nyumba. Hakuoga.

11 Juni

Upepo.

12 Juni

Upepo tena. Mbuzi wa Anselmo wamekula mihogo yangu. Nimemwambia Wamakua hata mbuzi wao ni wezi. Amesema mihogo ya Wamakonde ilikuwa inalia iliwe.

17 Juni

Nimeteremsha kamba kisimani, hiki chetu cha kukingia maji ya mvua. Maji yamebaki nusu, na mvua iliyotuletea hayo hairudi mpaka mwishoni mwa mwaka. Mvua za mwaka huu zilikatika mapema, na anayeishi Newala hahitaji kuelezwa maana yake. Boza likipita watu wanapigana vikumbo kama kwenye mnada. Nimefunga kufuli kwenye mfuniko wa kisima na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la khanga. Kila nyumba ndoo moja asubuhi. Mimi naoga kwa kikombe, bakuli likiwa chini ya miguu, na kinachobaki bakulini nanyweshea mchicha.

25 Juni

Duru ya pili ya salfa. Naima anasema usiku mumewe anakohoa mpaka mtoto anaamka.

Bibi shamba kapita kukagua maua. Nikamkaribisha kigoda, nikamweleza kikohozi. Akasema, "Si umwambie tu, mama? Ni mtu wa humu humu uwanjani."

"Wewe kwenu unaweza kumwambia baba mkwe wako nenda ukaoge?"

Akasema, "Mimi sijaolewa."

"Ndiyo maana."

Akacheka, tena kicheko kizuri. Akauliza, "Basi kwenu nani anaweza kumwambia?" Hapo nikamwona anauliza kweli, si kwa kubishana. Nikamjibu: mtani.

27 Juni

Anselmo amejaribu. Alimfuata mkwe shambani akamwambia kwa kikohozi kile majirani wanadhani Mama Naima amefuga fisi. Mkwe alivaa barakoa asubuhi moja, akaivua jua lilipowaka, hakuirudia.

10 Julai

Maua yamejaa. Kwa jirani ugonjwa wa ubwiri umepiga, matawi meupe kama yamemwagiwa unga. Kwangu ni safi kabisa. Lazima niseme ukweli, mkono wa mkwe wangu kwenye mikorosho hauna mfano. Anaujua kila mti, anajua upi unachelewa kutoa maua, upi unaonewa na upepo. Naima alinichagulia vizuri, ijapokuwa hakunichagulia mimi.

22 Julai

Wadudu wameingia. Wale mbu wa mikorosho wanafyonza vijiti vya maua vinakuwa vyeusi. Sasa tunaacha unga, tunaingia dawa ya maji.

Hii dawa ya maji siipendi. Harufu yake inashika kooni. Bomba la mgongoni ni la kuazima, na linavuja kwenye mfuniko. Leo pua la bomba liliziba, nikamwona kwa mbali analitia mdomoni analipuliza kama zumari. Nilimwambia kuku, nikamwambia mbuzi, nikaiambia sufuria. Mkwe alisimama kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akarudi kazini.

3 Agosti

Mudathiri ameota jino jingine.

8 Agosti

Sasa anapulizia na mashamba ya wengine, wanamwita kutoka kila upande. Shati la mgongoni ni bichi kila akirudi. Naima kamwambia ni dawa, yeye anasema ni jasho. Jasho gani linanuka hivyo? Ndoo yao ya asubuhi nimeona bado ina maji jioni. Mtu mkaidi huyu. Nimekasirika nikalala bila kula.

15 Agosti

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Naima alikwenda na mtoto kliniki, Newala mjini. Asubuhi kulikuwa na upepo, kwa hiyo mkwe alichelewa kuanza, jua likawa limekwisha kuwa kali. Mimi nilikuwa uwanjani napura mbaazi. Ukiwa pale unalisikia bomba linavyopampiwa, chwii, chwii, na mimi nilikuwa napura kwa mwendo ule ule bila kujijua. Mara nikajikuta napura peke yangu.

Nikasubiri. Mama mkwe haendi alipo mkwe wake peke yake kwenye vichaka, hata kichaa analijua hilo. Nikasema kwa sauti, "Wewe kuku, mbona kimya?" Kimya. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Kuku wenyewe walishakimbia.

Nikaenda.

Alikuwa amepiga magoti ameukumbatia mkorosho, bomba bado liko mgongoni. Mate yanamtoka kama mtoto, machozi, makamasi, jasho. Miguu inacheza yenyewe. Nikainama nikamtazama usoni, mara ya kwanza katika miaka yote hii, na mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Akaniona. Akasema, "Ondoka, mama. Usinione."

Akatapika.

Nilipiga ukunga mpaka koo likauma, lakini shamba ni kubwa na siku ile kila mtu alikuwa kwake. Nilisimama pale. Si muda mrefu, ila nitaukumbuka mpaka kaburini, maana nilikuwa nayasikia maneno ya mama yangu, afadhali utembee uchi sokoni kuliko kuuona mwili wa mkweo, na yale ya yule msichana wa Bukoba. Mama yangu nampenda. Lakini mama yangu hakuwahi kuiona dawa hii.

Nikamvua bomba nikamburuta kutoka kwenye miti iliyopuliziwa mpaka penye upepo safi. Nikakimbia. Niliingia nyumbani kwa Naima bila hodi, nikazichukua zile glovu msumarini, bado zina karatasi yake ya dukani, nikazivaa mimi. Nikachukua kisu na sabuni. Nikafungua kufuli la kisima, mfuniko nikautupa.

Shati nililikata. Mgongo wake wote ulikuwa mwekundu pale bomba lilipokuwa linavujia. Suruali nayo ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Nikaikata. Nikamfunika kiunoni kwa khanga yangu niliyojitanda, nikabaki na ile ya kiunoni na kichwa wazi. Nikamwosha. Nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kucha, mgongo mara ya kwanza, mgongo mara ya pili. Maji niliyokuwa nayapimia kwa kikombe niliyamwaga ndoo juu ya ndoo. Nilikuwa namwita kwa jina lake, jina nisilolitamka, kwa sauti ya juu kabisa, asilale.

Anselmo akafika mbio, nyuma yake Justina, mke wa jirani, na jagi la maziwa. "Mpe anywe, yanaua sumu!" Nikamwambia, "Justina, yarudishe kwa ndama. Hanywi kitu." Akataka kubisha. Sijui niliangalia vipi, akaliweka jagi chini. Anselmo alipoona khanga yangu juu ya mkwe wangu aligeuza uso. Kisha akaugeuza tena, akachukua ndoo, akawa ananichotea. Hakusema neno la utani hata moja, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tulimlaza ubavu asipaliwe na matapishi. Bodaboda ilipofika walimweka katikati, dereva mbele, Anselmo nyuma amemkumbatia, na chupa ya dawa Anselmo kaitia kwenye nailoni. Mimi nikafuata na bodaboda ya pili.

Hospitali daktari kijana, anaitwa Edson, aliisoma chupa akaagiza sindano hapo hapo. Walimchoma, wakangoja, wakamchoma tena. Alasiri akatoka akauliza, "Aliyemvua na kumwosha ni nani?"

Nikasema, mimi.

"Angekuja na zile nguo mwilini, tungekuwa tunaongea mengine. Wewe ni mama yake?"

Naima alikuwa ameshafika, amesimama pembeni na mtoto. Alinitazama. Nikasema, "Ndiyo."

18 Agosti

Anakula uji. Naima yuko naye. Mimi nilikwenda nikaishia getini, nikatuma uji, nikarudi.

21 Agosti

Ametoka hospitali. Hakuja hapa. Amepanda gari la Masasi, ameshukia kwao Chiwata, kwa mama yake. Kamwambia Naima, "Uwanja ule siwezi kuukanyaga tena. Mama ameniona." Naima amelia usiku kucha, na mimi upande wa pili wa uwanja nilikuwa namsikia. Nimemwokoa nimempoteza.

24 Agosti

Nyumba yake imefungwa. Wadudu wanaendelea.

28 Agosti

Leo Naima aliniambia jambo ambalo limenikaa kifuani. Nilikuwa nalalamika, mwenzako mkaidi, angeoga tangu mwanzo yasingefika huku. Akaweka ungo chini.

"Mama, hakuwa mkaidi. Alikuwa anataka kuoga. Aliniambia, kisima ni cha mama, ufunguo uko kwenye khanga ya mama, na mama mwenyewe anaoga kwa kikombe. Mimi mkwe nitaomba vipi maji ya kuoga kila nikitoka shambani? Ile ndoo alikuwa anaibakiza kwa ajili ya mtoto."

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Naima akasema, "Alinikataza. Alisema ni kukudharau."

Kumbe mimi nilikuwa naona haya kumwambia aoge, na yeye anaona haya kuniomba maji, na katikati yetu sumu inapita kwenye ngozi yake kila siku. Nilikuwa namwita mkaidi, kumbe alikuwa ananiheshimu. Nimelia, naandika bila kuficha. Kisha nikaenda kwenye kisima, nikaliondoa kufuli, nikalitia kwenye sanduku la marehemu.

1 Septemba

Theodora amekuja. Alifika uwanjani akapiga magoti, suruali yake na yote, akasema shikamoo kama wanavyosema hapa. "Mama, nilikujibu vibaya ile siku ghalani. Nilisema sumu haijui mkwe. Sikujua nakwambia ufanye nini."

Nikamwambia ainuke, kwamba neno lile lile ndilo lililonipeleka mpaka chini ya ule mkorosho. Tukakaa tukala mbaazi. Alikuwa ameleta mpira mpya wa mfuniko wa bomba. Alilipima lile bomba kwa maji matupu, akanionyesha: halivuji tena. Akasema sasa kila kijiji anachofundisha anauliza kwanza nani haruhusiwi kumwambia nani. Huyu binti amekua tangu mwezi wa sita. Au labda mimi ndiye niliyekua.

Naima ana wazo. Tutaweka pipa kule mwisho wa shamba, na ua wa nyasi pembeni yake, sabuni, kata na nguo safi. Liwe pipa la dawa tu, lisiwe la mama wala la nani. Anayetoka kupulizia anaoga pale kabla hajafika uwanjani, haombi mtu. Theodora kaliandika.

3 Septemba

Anselmo amesema kesho anakwenda Chiwata. Nimemuuliza atasema nini. Amesema, "Hilo ni la watani, Mama Naima. Wewe chemsha kuku." Nimemwambia kuku wangu ana kazi nyingine.

5 Septemba

Amerudi na hadithi, na nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Kumbe alipofika kwa kina mkwe hakupiga hodi. Aliingia uwanjani ameshika kichwa, analia kilio cha msiba: "Yarabi! Mtani wangu! Sumu ilimshindwa, aibu ndiyo imemwua! Tumezika wengi kwa nyoka na kwa homa, huyu tunamzika kwa kuogeshwa!" Majirani wakatoka wakidhani kuna maiti. Anselmo akadai jeneza, akadai sanda, akamtazama mkwe aliyekuwa amekaa barazani akauliza, "Maiti wenyewe ni huyu anayekula muhogo?" Mama mzazi wa mkwe alicheka mpaka akashika nguzo.

Walipotulia, akakaa karibu yake. Akamwambia, "Mwanangu, mficha uchi hazai. Yule mama amekuzaa mara ya pili pale chini ya mkorosho, na hakuna mama anayezaa kafumba macho. Kwetu jambo likitokea linafutwa, halikimbiwi. Nenda ukamfute macho, mambo yaishe."

Nikauliza, akasemaje? Anselmo akasema alimaliza muhogo wake.

6 Septemba

Hajaja.

7 Septemba

Hajaja. Upepo.

9 Septemba

Leo asubuhi nilisikia kikohozi barabarani, kidogo tu, kile cha mtu anayetaka kujulikana kwamba amefika. Nikaingia ndani haraka kwa sababu sikujua niweke wapi uso wangu. Nikachungulia dirishani. Mudathiri alimkimbilia kwa miguu yake ile inayoyumba. Amekonda, mkwe wangu, lakini anatembea vizuri.

Alichuchumaa pale pale anapochuchumaga. Naima akaniletea alichokuja nacho, khanga mpya, doti nzima. Akasema kwa sauti ya rasmi, "Mama, baba Mudathiri anasema amekuja kukufuta macho." Nikaipokea, nikajifuta nayo macho kweli, kwa sababu yalikuwa na maji. Nikasema, "Mwambie nimefutika. Sikuona kitu."

Anselmo alikuwa amekaa ukutani na Justina kama mashahidi wa mahakama. "Hakuona kitu!" akapaza sauti. "Mama Naima haoni siku hizi, hata mihogo yake haioni." Watu wakacheka, na mkwe akacheka, kichwa bado kiko chini. Tulichinja kuku mmoja. Mwingine, yule anayejua siri zetu, nimemwacha.

13 Septemba

Daktari kasema asipulizie dawa msimu huu wote. Kwa hiyo amekaa kando ya shamba mbali na upepo, anamwelekeza Kasiani, mdogo wake Justina, aliyepulizia upande wa bondeni. Alimkagua kabla hajaanza kama mama anavyomkagua bwana harusi: glovu, miwani, buti, ovaroli imeshuka juu ya buti isiwe ndani. Pua la bomba likiziba kuna mswaki wa zamani wa kuzibulia. Kasiani akalalamika joto. Mkwe akamwambia, "Joto halijawahi kumpandisha mtu bodaboda akiwa na khanga ya mkwe wake." Nilimsikia mwenyewe. Ameanza kulitania, basi limekwisha.

Kasiani ameoga pipani.

19 Septemba

Ghala la chama nalo limewekewa pipa. Wanaume wanne walikuja kwangu kuangalia ua wa nyasi ulivyojengwa. Mmoja aliuliza maji yanatoka wapi. Mkwe akawaambia kila mwenye shamba anachangia kabla msimu haujaanza, na kwamba maji ya kuoga ni sehemu ya dawa, asiye nayo asinunue dawa. Mabibo ya kwanza yamewiva. Wadudu wamepungua, na vijiti vilivyopona vimeshika korosho.

26 Septemba

Duru ya mwisho. Kasiani amemaliza, ameoga, ameondoka. Mkwe alibaki kuosha bomba na kufukia zile chupa alizozitoboa, kwenye shimo walilochimba mbali na kisima. Glovu alivaa, ovaroli alivaa, kisha akaingia kwenye ua wa nyasi naye aoge. Naima alikuwa amekwenda sokoni. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naokota mabibo, kisogo nimekigeuzia kule.

Nikasikia kata inakwangua chini ya pipa. Kwaa. Kimya. Kwaa. Kasiani mwenye mwili wake ule alikuwa ameyamaliza.

Nikasikia kikohozi kidogo. Kisha sauti, ya mtu mwenye sabuni usoni: "Wewe kuku."

Kuku alikuwa pale anapekua majani. Akainua kichwa.

"Wewe kuku," ikasema tena ile sauti, na nilisikia kwamba inacheka, "mwambie mama maji yameisha, na sabuni imeniingia machoni. Naomba ndoo moja."

Miaka mitatu, na hajawahi kuniomba kitu. Niliweka mabibo chini. Nikaenda kisimani, nikateremsha kamba mpaka nikausikia udongo, nikavuta nilichopata, kikajaza ndoo na zaidi kidogo. Nikatembea mpaka kwenye ua, nimefumba macho hatua zile za mwisho, nikaiweka pale nje mkono wake unapofika.

Na nikamjibu mimi mwenyewe, si kuku.

"Hamudi," nikasema, "oga, mwanangu. Yakiisha niite tena."